Mvua ya Fainali

Kombe lilikaa kwenye rafu ya duka la Secilia, kati ya mafuta ya kupikia na viberiti, na kila aliyeingia kununua chumvi alilishika kwanza. Secilia hakumkataza mtu. Kila asubuhi alilifuta kwa kitambaa kilekile cha kufutia mizani, na tangu Mbega, timu ya kijiji, walipolileta kutoka uwanja wa Lushoto mjini biashara yake ilichangamka, kwa sababu wanaume wa Kwezinga walihamia kwenye mabenchi ya nje ya duka lile wakawa hawabanduki. Walikuwa na kazi moja tu pale: kuicheza fainali upya kwa midomo.

Na wacha waicheze. Kijiji kimebandikwa ubavuni mwa mlima, mpira ukitoka nje ya mstari mtu huufuata bondeni hadi jasho limtoke, halafu leo ndicho bingwa wa wilaya. Nani angenyamaza? Walisimulia bao la Faraji, beki wa kushoto ambaye maisha yake yote hakuwahi kuvuka nusu ya uwanja. Siku hiyo alivuka, akapiga, ikawa mbili moja, na mpaka leo ukimwuliza kwa nini alivuka anakuna kichwa.

Lakini kila simulizi ilipofika ukingoni, mtu mmoja aliuliza, "Na mvua je?" Hapo wote walicheka wakageukia ncha ya benchi alikokaa Nikodemo. "Mambo ya mvua mwulizeni mwenyekiti." Nikodemo alitabasamu, akaikoroga chai yake iliyokwisha kukorogwa zamani.

Nikodemo Shehoza alikuwa mkulima wa karoti, mzee wa kanisa la Kilutheri na mwenyekiti wa mashabiki wa Mbega, na mkewe Eliza alizoea kusema kwamba hicho cheo cha tatu ndicho kinachomnyima usingizi. Ujanani alidaka. Hakuwa kipa hodari. Wenzake walimweka golini kwa ajili ya sauti yake, maana kipa mwenye sauti huwahi kuwalaumu mabeki kabla hajalaumiwa yeye. Sauti hiyo ndiyo iliyomlea. Eliza aliisikia kwenye kwaya akaipenda, kanisa likampa kusoma matangazo, timu ikampa uenyekiti. Alikuwa mtu mwema, nalisema mapema kabla hujaanza kumtilia shaka. Udhaifu wake ulikuwa mmoja: alipenda kupendwa, na mtu wa namna hiyo hawezi kusema hapana mbele ya kundi.

Turudi wiki ya fainali. Mawingu yalikuwa yakijazana kila alasiri juu ya msitu wa Magamba. Wapinzani, Msitu Rangers, walikuwa vijana warefu, wenye nguvu za kukanyagana kwenye tope. Mbega walikuwa wafupi, watu wa pasi za chini, na pasi ya chini kwenye tope hufia njiani. Basi kamati ya ufundi ikakaa. Kila timu inayo kamati hiyo na kila timu inakana kuwa nayo. Kazi yake ni yale mambo ambayo kocha hatakiwi kuyajua. Katibu wake alikuwa Athumani, mkulima wa kabichi, mwepesi wa maneno, mtu wa kukuazima jembe lake na kwenda kulima kwa mikono. Athumani ndiye aliyesema mvua lazima ifungwe, na nyumba ya kuifunga ni moja tu, kwa Bi Tatu, ng'ambo ya kijito.

Marehemu mume wa Bi Tatu alikuwa mtu wa mvua. Watu wazima walikumbuka akiitwa kwenye harusi na misiba ili wageni wasilowe. Bi Tatu mwenyewe hakuwahi kusema kwamba anajua lolote. Alibaki na migomba yake na mbuzi wake, mjane wa peke yake, lakini huku kwetu mke wa fundi huhesabiwa fundi, akubali asikubali.

Alitumwa Nikodemo kwa sababu Bi Tatu ndiye aliyemzalisha mama yake, na mlango ule ulikuwa wazi kwake tangu siku aliyozaliwa. Wakampa jogoo mweusi na doti ya kanga. Mzee wa kanisa alipaswa kukataa palepale, na Nikodemo alilijua hilo vizuri. Aliwatazama wenzake, akaona walivyomkodolea macho ya matumaini, akamkwapua jogoo akaondoka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Leo umenikumbuka?" Bi Tatu alikuwa amejikunja jikoni, kikohozi kimembana. Alimtazama jogoo. "Na huyu wa nini?"

Maneno ya mvua yalifika mpaka kwenye ulimi yakagoma. Nikodemo aliuona moshi, akauona mkeka uliotoboka, akajiona Jumapili mbele ya waumini, Biblia mkononi. "Nimekuja kukujulia hali, mama. Nilisikia unakohoa."

Bi Tatu aliikunjua kanga akaipitisha shavuni, machozi yakamtoka bila kificho. Akamwombea dua ndefu, yeye na mkewe na wanawe, na Nikodemo akashuka mlima akiwa amejaa furaha. Alijiona mjanja kweli. Kamati imetuma, dhambi haijatendeka, na bibi amepata kitoweo. Athumani alimngoja darajani. "Vipi, mgosi?" aliuliza, kwa lile neno la Kishambaa la kumwita mwanamume mwenzako. Nikodemo akajibu, "Msiwe na wasiwasi." Hakusema zaidi ya hayo, na mpaka hapo ungeweza kumtetea.

Siku ya fainali mawingu yalifunga hadi mchana ukawa kiza. Dalili ya mvua ni mawingu, watu wakakunja suruali. Kisha upepo ukatoka usikojulikana, ukayasomba yote kuelekea Soni, na mechi ikachezwa kwenye vumbi. Jioni, juu ya gari lililobeba kombe, mashabiki walimnyanyua Nikodemo wakampa kipaza sauti, wakamtaka aseme neno. Alilitazama lile kundi lote lililovaa nyeusi na nyeupe likimshangilia yeye, kipa aliyefungwa mabao mengi kuliko yote katika historia ya kijiji.

"Vijana wamefunga mabao!" alinguruma. "Na sisi mashabiki tumefunga mvua!"

Mlima ulitikisika kwa kelele. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na siku ile Nikodemo alilitia pipa zima. Kesho yake kila mtu alijua kwamba jogoo alikwenda kwa Bi Tatu, kwamba kanga ilikwenda kwa Bi Tatu, na kwamba mwenyekiti ndiye aliyeyapanga. Eliza alizisikia habari hizo kisimani akacheka mpaka akaweka ndoo chini. Mume wake, yule anayesali kabla ya kupanda basi? Utani wa mpira huo, aliwaambia wenzake, na hakujisumbua hata kumwuliza.

Vuli haikuja.

Mwanzoni hakuna aliyeshtuka. Mvua huchelewa. Watu walipanda maharage kwenye udongo mkavu kwa imani, na ilipodondoka manyunyu usiku mmoja yakachipua, kisha jua likayakausha yakiwa na majani mawili. Wakapanda tena. Mfereji uliokuwa ukishuka kutoka juu ukapungua, ukawa uzi, ukawa tope, ukapasuka. Malori ya mboga yaliyozoea kupanda kutoka Mombo yalianza kurudi tupu, halafu yakaacha kupanda. Athumani aliamka kabla ya adhana kumwagilia miche ya kabichi kwa kikombe, mche mmoja mmoja, na miche ikafa yote akiitazama. Akaotesha mingine. Nayo ikafa.

Kwenye mabenchi ya Secilia waliendelea kuizungumza fainali, kwa kuwa hawakuwa na shamba la kwenda. Lakini mazungumzo yalikuwa yamebadilika harufu. Bao la Faraji lilisimuliwa haraka haraka, na wote wakawahi kufika mahali pa mvua. "Yalikuwa yamefunga kabisa yale mawingu," mmoja alisema. "Yalikuwa yanadondosha," akasema mwingine. "Na upepo ule, mimi sijawahi kuuona upepo kama ule." Hakuna aliyecheka. Nikodemo kwenye ncha ya benchi kwa mara ya kwanza alitamani Faraji asingevuka nusu ya uwanja.

Wa kwanza kumwonyesha hatari walikuwa watoto wa shule. Alikuwa akishuka na mzigo wa majani ya ng'ombe, Bi Tatu akipanda kwa fimbo yake, ndani ya ile kanga mpya. Watoto walipishana na bibi yule njiani, wakanyamaza, wakapita. Huku kwetu mtoto asiyemwamkia mkubwa hupigwa na mtu yeyote aliye karibu, na mama yake hushukuru. Nikodemo aliwakaripia. "Hamna adabu? Shikamoo yenu iko wapi?" Mkubwa wao alimjibu kwa sauti ya chini, macho kwenye vumbi, "Mama ametukataza." Yule mtoto hakuwa jeuri, alikuwa anaogopa, na hilo ndilo lililomtisha Nikodemo.

Baada ya hapo alianza kuona. Wanawake waligeuza njia kisimani. Muuza vitumbua akasema vimekwisha, navyo vinaonekana kwenye sufuria. Asubuhi moja migomba ya Bi Tatu ilikutwa imefyekwa, yote, hadi ile michanga ambayo haina faida kwa mwizi. Kanisani waliomba mvua kwa kufunga, na Nikodemo ndiye aliyesoma tangazo. Waislamu wakatoka uwanjani wakaswali swala ya kuomba mvua, kwenye nyasi zilezile za mazoezi ya Mbega. Mbingu zikabaki safi.

"Tumeomba sisi, mmeomba ninyi," Athumani alisema siku iliyofuata mbele ya duka. Alikuwa amekonda, na macho yake yalikuwa mekundu. "Kilichofungwa na mtu hufunguliwa na mtu. Hakuna ugomvi, mgosi. Yule bibi tulimwomba wenyewe, akatufanyia, tukasahau kurudi kumwambia afungue. Kosa ni letu. Nenda kwake kwa heshima, mpelekee mbuzi wangu, mwambie mpira umekwisha."

Hapo ndipo alipopaswa kusema. Neno moja, "sikumwomba," na mambo yangeishia kwenye aibu yake tu. Wangemcheka mwaka mzima, wangemvua uenyekiti, basi. Lakini kombe lilikuwa likionekana kupitia mlango wa duka, na watu wote walimtazama kama walivyomtazama siku ya jogoo. Alimchukua mbuzi. Njiani aliwaza kwamba Mungu hawezi kushindwa kuleta mvua kabla hajafika, na alipofika hakukuwa hata na umande.

Bi Tatu alikuwa ameketi mlangoni katikati ya mashina yaliyokatwa. Hakuuliza habari za mbuzi. "Mwanangu," alisema, "wewe ni mtu wa watu. Niambie, nimewakosea nini? Hata maji sichotewi. Jana nimesalimia mtu mzima, amenipa kisogo."

Nikodemo alifungua mdomo. Angemwambia nini? Kwamba alimtangaza juu ya gari? Alisema jua limewachanganya watu, mvua ikinyesha watatulia.

"Mvua ni ya Mungu," alisema Bi Tatu. "Mimi nitawapa nini?"

Akarudi na mbuzi, maana bibi alikataa kumpokea mbuzi wa mtu mwenye njaa. Mbele ya duka walikuwa wamesimama, safari hii na wanawake pia. Walimwuliza amejibu nini. Nikodemo alikuwa amechoka na hofu, na kwa mara moja akaamua kutoongeza chumvi, aseme yale aliyoyasikia na basi.

"Amesema mvua ni ya Mungu. Na mbuzi amemkataa."

Alitambua alichokifanya kabla hajafunga mdomo. Sauti fulani ilipita katika lile kundi, si kelele, ni pumzi tu za watu wengi kwa pamoja. "Amekataa," mtu alisema. Athumani alimpokea mbuzi wake, akamfunga kamba taratibu, akaondoka bila kuaga.

Jioni hiyo simu zilianza. Kundi la mashabiki, lililokuwa la picha za kombe na matusi ya kirafiki kwa Msitu Rangers, lilijaa sauti za watu wasiotaja majina. Mmoja alisema bibi ameonekana akicheka peke yake. Mwingine alisema mvua imo ndani ya chungu chini ya kitanda chake. Lisemwalo lipo, waliandikiana, na kama halipo laja. Mwisho ulikuja ujumbe mfupi: kesho, baada ya alasiri, wote, na jezi. Nikodemo, mwenyekiti wa kundi, aliandika kwamba jambo hili ni la kwenda taratibu. Hakuna aliyemjibu. Akaandika tena, akakuta ameondolewa.

Kesho yake aliwaona kutoka shambani kwake, mstari mweusi na mweupe ukishuka kuelekea kijito. Hawakuimba. Aliwahi kuwaona watu hawa wakienda uwanjani miaka na miaka na hakuwahi kuwaona wakitembea kimya. Akatupa jembe, akakata njia ya mkato kupitia majaruba ya watu, akaanguka mara mbili, akafika kwenye daraja la magogo kabla yao. Nyuma yake, juu ya mteremko, aliuona moshi mwembamba wa jiko la Bi Tatu. Bibi alikuwa anapika.

Wengi walikuwa na mapanga, lakini panga huku ni kitu cha kutembea nacho. Kilichomkata maini kilikuwa dumu la mafuta ya taa. Lilibebwa na Selemani, mpiga ngoma wa mashabiki, na alilibeba kwa mikono miwili, kifuani.

"Mgosi, pisha," alisema Athumani.

"Sikilizeni," alisema Nikodemo, na ile sauti yake, ambayo haijawahi kumwangusha, ilitoka ikitetemeka. "Mvua haikufungwa. Sikumwomba. Nilifika pale nikaona aibu, nikampa jogoo kama mgonjwa. Hajui lolote. Nilidanganya, ndugu zangu. Nilitaka sifa."

Walimsikiliza mpaka mwisho, wakimwonea huruma.

"Ulisema mwenyewe juu ya gari," alisema Athumani. "Watu wote wa Lushoto walisikia. Mawingu tuliyaona yakiondoka kwa macho yetu. Kanga anayo mwilini. Najua kwa nini unasema haya, ndiye aliyemzalisha mama yako, na mimi ningesema hivyohivyo. Lakini nina watoto, mgosi. Wamelala na uji wa chumvi. Pisha."

Alisema kwa upole, na Nikodemo akaelewa kwamba mtu mpole hatasimamishwa kwa maneno ya kweli. Waliokuwa nyuma walianza kusogea. Gogo la kwanza la daraja lilinesa chini ya miguu ya mtu. Nikodemo alitandaza mikono kama zamani golini, na wazo likamjia likiwa limekamilika, bila yeye kulitafuta.

"Basi," alisema, na sasa sauti ilikuwa imerudi, nzito, ya kwaya. "Mmeshinda. Bibi alikataa siku ileile ya kwanza. Aliniambia mvua ni ya Mungu, kama alivyoniambia jana. Jogoo na kanga nilimwachia ili mtazame kwake, msitazame kwangu. Aliyeifunga ni mimi."

Maji yangekuwepo kijitoni yangesikika. Ukweli aliousema kwa sauti ya kutetemeka haukumwingia hata mmoja wao, lakini uongo huu uliingia wote mara moja. Aliwaona wakihesabu vichwani: mwenyekiti, mtu wa sauti, mtu aliyekaa ncha ya benchi akitabasamu kila mvua ilipotajwa. Wa mbele walirudi nyuma hatua moja. Selemani aliliweka dumu chini, katikati ya watu, kwenye nyasi kavu.

"Wewe?" alisema Athumani. Uso wake ulikuwa umevunjika. "Nimepoteza miche mara mbili na wewe unakunywa chai na mimi?"

"Mimi."

"Ifungue."

Hilo hakuwa amelifikiria. Athumani aliketi palepale njiani, panga magotini, na wengine wakaketi mmoja mmoja nyuma yake, mteremko mzima wa jezi nyeusi na nyeupe, wakimtazama yeye na kisha mbingu. Kutoka Irente hadi mabonde ya chini hapakuwa na wingu hata moja.

Mtu alikuwa akipita kati yao. Alikuwa Eliza, miguu peku, ana unga mikononi. Alikuwa ameitwa kutoka jikoni. Alipanda darajani akamshika mumewe mkono, na kwa Kishambaa, kwa sauti ya kuzungumza kitandani, akamwuliza. "Baba Dorkasi. Wanasema umesema mwenyewe. Ni kweli?"

Palikuwa kimya kiasi kwamba wote wangelisikia jibu. Nikodemo aliutazama uso wa mke wake, halafu akalitazama lile dumu. Bado lilikuwa limejaa.

"Kweli," alisema.

Eliza aliuachia mkono wake. Alishuka kutoka darajani akijifuta unga kwenye kitenge, akatafuta nafasi kati ya wanawake, akaketi kungoja pamoja nao.